Deni la Taifa na Uzee Wetu: Mbona Kimya?



Naomba nafasi katika karatasi hii ya chama chetu niseme juu ya jambo moja ambalo halisemwi. Katika mikutano yetu tunasema juu ya mishahara, nyumba, saa za ziada, buti na makoti ya mvua, na wanyapara wenye ulimi mchafu. Hayo yote ni haki kuyasema. Tena siku hizi tunasema sana juu ya makato ya uzeeni, kwa sababu makato yamekuwa makubwa na kila mtu anayaona katika karatasi yake ya mshahara. Lakini juu ya deni la taifa hakuna anenaye. Likitajwa, watu hutazama saa. Mimi nataka kuonyesha ya kuwa deni hilo na pensheni yetu si mambo mawili. Ni jambo moja, na mfanyi kazi anayelinyamazia deni ameinyamazia pensheni yake mwenyewe.

Nianze na hesabu, maana kimya kingi hutoka hapo. Hesabu ni kubwa kupita kichwa cha mtu. Mwezi wa Juni 2013 deni la Kenya lilikuwa chini kidogo ya shilingi trilioni 2. Mwezi wa Juni 2024 lilikuwa limefika trilioni 10 na nusu. Trilioni ni nini? Mimi nilisoma shule ya msingi ya misheni, na mwalimu wetu wa hesabu hakutufikisha huko. Basi nilikaa jioni moja na kalamu. Ukilipa shilingi milioni moja kila siku, bila kupumzika Jumapili wala Krismasi, trilioni moja utaimaliza baada ya miaka 2,700 na zaidi. Hiyo ni moja tu. Sasa chukua deni lile la 2024 uligawanye kwa watu milioni 47 na nusu waliohesabiwa mwaka 2019. Utapata kama shilingi 220,000 kwa kila kichwa, na mtoto aliyezaliwa usiku wa kuamkia siku ya hesabu naye yumo. Na katika kila shilingi mia ya kodi inayokusanywa, zaidi ya hamsini huenda kulipa deni na riba yake, kabla dawa haijanunuliwa na kabla mwalimu hajalipwa.

Sisi watu wa reli tungekuwa wa kwanza kusema, maana sehemu ya deni hilo imelala juu ya mataruma mbele ya macho yetu. Reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Gharama yake ilitajwa kuwa shilingi bilioni 327, na tisa katika kila kumi zilikopwa kutoka benki ya Serikali ya Uchina, ile ya Exim. Kisha zikakopwa dola bilioni 1 na nusu nyingine kuifikisha Naivasha, na magari yakaanza kufika huko mwaka 2019. Mimi sisemi reli ni kitu kibaya. Nitasemaje hivyo, na ndiyo inayonilisha? Ninalosema ni kwamba tangu mwaka 2013 iliwekwa kodi ya reli juu ya vitu vinavyoingia nchini kutoka nje, shilingi moja na senti hamsini kwa kila mia, hata kabla taruma moja halijawekwa. Kwa hiyo mtu wa Lodwar ambaye hajaona injini hata siku moja naye analipa kila anunuapo kitu cha kutoka ng'ambo. Lakini mapatano ya mkopo yenyewe yalifichwa. Sehemu yake ilionyeshwa watu mwezi wa Novemba 2022, miaka mitano na zaidi tangu magari yaanze kwenda.

Tazama jambo la ajabu. Ile reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, ilijengwa na wakoloni kwa faida yao. Watu wenye ardhi hawakuulizwa. Vibarua kutoka Bara Hindi kama 2,500 walikufa kazini. Hakuna la kusifu hapo. Lakini fedha zake ziliombwa mbele ya Bunge lao London, pauni milioni 3 mwaka 1896, karibu milioni 2 mwaka 1900, na laki sita tena mwaka 1902. Kila mara walibishana waziwazi, wengine wakiifanyia mzaha reli hiyo kuwa ni wazimu. Mkoloni aliona aibu kukopa bila kuwaambia watu wake. Sisi tulijitawala mwaka 1963, na deni letu tukasomewa baada ya kulila.

Sasa nije kwenye pensheni. Watu wengi hudhani deni la taifa ni la Wachina na Wazungu tu. Sivyo. Nusu na zaidi kidogo ya lile deni la 2024 lilikopwa humu humu nchini. Na nani aliyekopesha? Wa kwanza ni mabenki. Wa pili ni mifuko ya pensheni. Yaani ni wewe, ndugu yangu unayesoma karatasi hii ukingoja chai. Makato yako hayakai katika sanduku la chuma yakikungoja uzeeke. Wasimamizi wa mfuko huyachukua wakanunua hati za mkopo za Serikali, ambazo watu wa benki huziita bondi. Kanuni zinauruhusu mfuko kuweka huko hata 90 kwa mia ya mali yake, na mifuko yote ya nchi hii ikijumlishwa, karibu nusu ya mali iko huko. Kwa hiyo mfanyi kazi wa Kenya ni mdeni na mdai kwa wakati mmoja. Kwa mkono wa kulia anaikopesha Serikali uzee wake. Kwa mkono wa kushoto analipa kodi ili Serikali ipate kumlipa riba ya fedha zake mwenyewe.

Pale misheni tulifundishwa habari za Yusufu huko Misri, namna alivyoweka nafaka miaka saba ya shibe ili watu wasife miaka saba ya njaa. Tulimsifu sana. Nilipokuwa mtu mzima nikaisoma tena habari ile mpaka mwisho wake, ambao mwalimu hakuufikia. Nafaka ilitolewa na watu, sehemu moja katika kila tano. Njaa ilipokuja hawakurudishiwa. Waliuziwa. Walitoa fedha zikaisha, wakatoa ng'ombe wakaisha, mwishowe wakatoa mashamba na wao wenyewe wakawa watumwa wa Farao. Nafaka ilikuwa yao tangu mwanzo. Padre akitaka kunisahihisha, nipo.

Mtu wa benki ataniambia, "Bwana, wewe hujui. Riba kubwa ni faida ya mfuko wenu. Mwezi wa Februari 2024 Serikali ilitoa hati za kulipa zaidi ya 18 kwa mia. Mwaka gani mwingine mzee wa Kenya alipata hivyo?" Ni kweli, na sikatai. Lakini ulizeni, mtu hukopa kwa 18 kwa mia akiwa katika hali gani? Jirani akikuahidi riba kubwa hivyo, unafurahi au unakwenda kutazama kama bado ana mbuzi? Mwezi ule ule Serikali ilikopa dola bilioni 1 na nusu ng'ambo kwa riba ya zaidi ya 9 na nusu kwa mia, ili ilipe mkopo wa mwaka 2014 ambao riba yake ilikuwa karibu 7. Huko ni kukopa duka la pili ili kulipa duka la kwanza, na duka la pili ni ghali zaidi.

Tena kuna jambo ambalo halitatupendeza sisi wenye karatasi ya mshahara. Riba hiyo ya 18 inalipwa na nani? Inalipwa pia na mama anayeuza mboga kando ya stesheni, kwa kodi ya sabuni, ya mafuta ya taa na ya maneno ya simu. Yeye hana mfuko wa pensheni. Hana mwajiri wa kumwekea nusu. Akitimiza miaka 70, na kama ameandikishwa, atapata shilingi 2,000 kwa mwezi katika msaada wa wazee ulioanza kutolewa kwa watu wa umri huo mwaka 2018. Yaani yeye asiye na pensheni anachangia riba ya pensheni zetu. Chama cha wafanyi kazi kisipolisema hilo, litasemwa na nani? Na siku moja mama huyo akituuliza kwa nini tunapigania makato yetu tu, tusijifanye hatukusikia.

Haki ya pensheni katika nchi hii ina ngazi nyingi, na kila ngazi humtazama aliye chini yake kisha hunyamaza. Kwa miaka mingi, mpaka Februari 2023, mfuko wa taifa wa NSSF ulimkata mtu shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Fanya hesabu. Shilingi 400 kwa mwezi ni 4,800 kwa mwaka. Mtu akifanya kazi miaka 30 bila kukosa mwezi, ameweka 144,000, mbali na riba. Na mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Basi makato ya mwezi mzima hayakutosha pakiti moja ya unga! Sheria ya mwaka 2013 ya kuweka sita kwa mia kila upande ilikaa miaka karibu kumi katika mabishano na mahakama. Sasa mtu wa mshahara wa 30,000 hukatwa 1,800, na mwajiri huweka 1,800. Wengi wetu tulinung'unika. Mimi naona makato yenyewe si kosa, maana 200 ilikuwa dhihaka. Kosa ni kukatwa zaidi bila kuambiwa zaidi.

Mtumishi wa Serikali yeye, kabla ya Januari 2021, hakukatwa kitu kwa pensheni yake. Ilitoka Hazina, yaani katika kodi. Tangu mwezi huo walianza kuchangia, 2 kwa mia mwaka wa kwanza, 5 wa pili, kisha 7 na nusu, na Serikali ikaahidi kuweka 15. Hatuwaonei wivu. Mwalimu na askari wanastahili. Lakini nataka mwone ya kuwa mtu mmoja huwekewa 15 na mwajiri wake, mwingine 6, na kibarua wa kandarasi ya miezi mitatu mitatu huwekewa siku akikumbukwa. Na juu kabisa wako waheshimiwa. Mwaka 2020 Bunge lilipitisha muswada wa kuwapa wabunge wa zamani, wale wa miaka ya 1984 hadi 2001, shilingi 100,000 kila mwezi. Rais Kenyatta alikataa kuutia sahihi. Tazameni jinsi muswada ule ulivyopita Bungeni pasipo kelele, na sheria yetu ya sita kwa mia ilivyokaa miaka kumi.

Namjua mzee mmoja, alikuwa mlinda njia, mtu wa nyundo na spana. Alistaafu na faili lake likapotea katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Miaka miwili alikwenda na kurudi, nauli ya matatu akikopa kwa wanawe. Kila karani alimwambia, "Mzee, rudi Jumatatu." Mzee huyo hakuwahi kuuliza fedha zake zimewekwa wapi. Alikuwa akiuliza faili tu. Sisi tunamcheka, lakini nani kati yetu anaweza kusema leo mfuko wake una kiasi gani katika mikono ya Serikali?

Watu wa reli wa zamani wanalijua somo hili kwa njia nyingine. Mwaka 2006, reli ilipokodishwa kwa kampuni ya watu binafsi, malipo ya wastaafu yaliwekwa katika mfuko wa peke yake, nao ukapewa ardhi na majumba ya reli uwe na cha kulipia. Ardhi ni mali, hakuna anayebisha. Lakini mzee hali ploti. Mzee hula unga, na unga hutaka fedha mkononi kila mwezi. Mali kuandikwa katika kitabu ni jambo moja, na kulipwa mwisho wa mwezi ni jambo jingine. Hati za Serikali nazo ni hivyo hivyo. Zimeandikwa vizuri. Je, mwenye kuziandika akishindwa?

Msiseme haliwezi kutokea. Tazameni Ghana. Mwezi wa Desemba 2022 Serikali ya huko ilishindwa na madeni, ikatangaza ya kuwa wenye hati zake za ndani wazibadilishe kwa hati mpya za riba ndogo na za kungoja miaka mingi. Mifuko ya pensheni ilikuwamo. Vyama vya wafanyi kazi vya Ghana havikungoja kuandikiwa barua. Vilitangaza mgomo wa kuanza tarehe 27 Desemba, na kabla ya siku hiyo kufika Serikali ikakubali kuitoa mifuko ya pensheni katika mpango ule. Mwaka uliofuata mifuko ilifanya mapatano yake yenyewe, yenye masharti tofauti. Lakini wazee waliokuwa wamenunua hati kwa fedha zao wenyewe, nje ya mfuko, hawakuwa na chama. Mwezi wa Februari 2023 walikuwa wamesimama mbele ya Wizara ya Fedha na mabango, na aliyekuwa Jaji Mkuu wa nchi, mama Sophia Akuffo, akiwa miongoni mwao. Mtu aliyekuwa Jaji Mkuu! Kama yeye ilimbidi kusimama juani, fundi wa njia atasimama wapi?

Wafanyi kazi wa Ghana waliweza kwa sababu walijua fedha zao ziko wapi kabla ya siku ya hatari. Sisi tungeweza? Nina shaka. Bajeti yetu husomwa kwa Kiingereza, na vitabu vya madeni ni vya Kiingereza, ingawa Katiba ya mwaka 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Wanasiasa nao wana kimya chao. Aliye ndani ya Serikali hasemi kwa kuwa anakopa, na aliye nje hasemi sana kwa kuwa anatumaini kuingia na kukopa. Bunge liliweka kikomo cha deni trilioni 9 mwaka 2019. Deni lilipokikaribia, kikomo kikasogezwa hadi trilioni 10 mwaka 2022. Mwaka 2023 wakaacha kabisa kutaja shilingi, wakapima kwa sehemu ya pato la nchi. Mimi nikimwambia mwenye duka asogeze kikomo changu kila nikikifikia, atanifukuza.

Waliovunja kimya ni vijana. Mwezi wa Juni 2024 walitoka kupinga muswada wa kodi, na wengi wao walikuwa wamesoma hesabu za deni kuliko sisi wazazi na kaka zao. Wengine waliuawa. Muswada ukaondolewa tarehe 26. Rais akatangaza kamati ya kukagua deni, mahakama ikaisimamisha kwa kuwa Katiba imempa kazi hiyo Mkaguzi Mkuu, na baada ya hapo maneno yakapoa. Vyama vya wafanyi kazi vilikuwa wapi siku zile? Naona haya kuuliza.

Husemwa dawa ya deni ni kulipa. Sawa. Lakini dawa hunywewa na mgonjwa, na hapa mmoja amekula na mwingine anapewa chupa. Katiba ile ile, katika kifungu cha 201, inasema mzigo na faida za mikopo ya umma zigawanywe kwa haki kati ya watu wa leo na wale watakaokuja. Mimi nina miaka thelathini na kitu. Nikiacha kazi nikiwa na miaka 60, mikopo ya reli mpya itakuwa imelipwa au imebadilishwa kuwa mikopo mingine, na mwanangu ndiye atakuwa akikatwa. Nikizeeka bila pensheni, ni yeye tena atakayenilisha. Mtoto mmoja atalipa mara mbili, deni la taifa na ugali wa baba yake.

Basi naleta ombi hili kwa matawi yote. Sheria inawapa wafanyi kazi wajumbe katika bodi ya mfuko wa taifa. Wajumbe hao waombwe taarifa kila mwaka, kwa Kiswahili, isomwe katika mikutano ya matawi na ibandikwe ukutani karibu na orodha ya zamu. Taarifa iseme fedha ngapi ziko katika hati za Serikali, za miaka mingapi, kwa riba gani, na ngapi zimewekwa katika majumba na viwanja. Wasimamizi wa mifuko ya waajiri waulizwe hivyo hivyo. Na Serikali ikitaka kukopa tena kwa ajili ya reli, chama kiombe mapatano yasomwe kabla ya kutiwa sahihi. Wanaotuambia kuwa mambo hayo ni ya wataalamu, tuwajibu ya kuwa kukatwa hakukuhitaji utaalamu.

Katika tawi letu mkutano ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya zamu ya asubuhi. Nimekwisha kumpa katibu karatasi yenye maswali manne ili yaingie katika ajenda kabla ya mambo mengineyo, kwa sababu mambo mengineyo hufikiwa watu wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani. Wenye matawi mengine wanaotaka nakala ya maswali hayo waandike kwa mhariri.

Fundi wa Njia,
Nairobi.